Sura ya Tisa: Gari Lililoamka Lenyewe

Ukungu ulikuwa umelala uani mwa kituo tangu alfajiri, na hata saa tatu haukuonyesha dalili ya kuondoka. Magari yaliyokamatwa yalionekana nusunusu: hapa bodi lisilo na milango, kule pua ya basi bovu, na katikati yao, safi utadhani limetoka dukani jana, gari dogo la rangi ya lulu lililomuua Mwalimu.

Inspekta alilizunguka mara tatu bila kuligusa. Alikuwa mwanamke wa taratibu. Wenzake walimtania kwamba ofisi yake ikishika moto atauliza kwanza nani aliuona moshi, na alikuwa amesimama wapi. Asubuhi hiyo hakuwa na nafasi ya utaratibu wake. Saa sita kamili jalada alilolishika kwapani lilitakiwa kwenda kwa mwendesha mashtaka, na baada ya hapo Fundi Sikio angepelekwa mahabusu kungojea kesi ya kuua kwa uzembe. Kesi za namna hiyo zilichukua mwaka, na nyingine miwili.

"Mlete," alimwambia konstebo.

Konstebo waliyemwita Mlingoti, kwa sababu ambayo haikuhitaji upelelezi, aliinama kupita mlangoni. Alirudi na mwanamume mfupi mwenye pingu mikononi na viatu visivyo na kamba. Fundi alipewa jina la Sikio kwa kuwa alijua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu, kabla hajafungua boneti. Siku nne za selo zilikuwa zimemchosha, macho yamemwingia ndani.

Yaliyoandikwa jaladani yalikuwa machache. Jumatatu Fundi alibadilisha pedi za breki za gari hili. Jumanne asubuhi gari likambana Mwalimu kwenye geti la nyumba yake, akafa kabla ya kufika hospitali. Mwalimu alikuwa amefundisha watu udereva kwa miaka thelathini, mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya kazi. Mkewe alieleza kwamba dereva alikuwa yeye. Alisimama getini, akazima gari, akarudi ndani kuchukua mkoba, na mumewe alipokuwa anafungua geti gari likaondoka lenyewe.

"Niambie habari za gari hili," Inspekta alisema. "Si za Jumanne. Zake zote."

Fundi alilitazama. Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea kidogo.

"Gari hii, afande, ni mtoto wa kitajiri. Ndogo, nzuri, imelelewa kwa viti vya ngozi, na kila wiki ina kitu kinaiuma. Ukiondoka polepole, gia inapiga kwikwi. Majani yakiziba mifereji ya juu pale, maji yanaingia miguuni kwa abiria. Gusa zulia."

Inspekta aligusa. Zulia lilikuwa limelowa chepechepe na linanuka uvundo.

"Mkaguzi wa magari ameandika kwamba kompyuta imeonyesha hitilafu ya breki."

"Imeonyesha na hitilafu ya usukani?"

Inspekta alifunua ukurasa. "Ndiyo."

"Na ya mifuko ya hewa?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni betri, afande. Betri ikichoka kidogo tu, gari hii inamshtaki kila mtu isipokuwa betri yenyewe. Nimemwambia mama abadilishe tangu mwezi uliopita."

Mlingoti alileta kipima umeme. Mshale ulisimama kwenye volti kumi na moja na nusu, chini ya kawaida, na Fundi akatikisa kichwa kwa huzuni, ungedhani amesomewa majibu ya ndugu yake. Kisha walipandisha gari jeki, wakatoa magurudumu ya mbele. Pedi zilikuwa mpya. Inspekta alishika spana mwenyewe akajaribu kila bolti, akitumia uzito wake wote, na hakuna hata moja iliyokubali kusogea. Aliandika hayo. Akajaribu na ya nyuma, akaandika tena.

"Breki ni nzima," alisema.

Alitarajia Fundi afurahi. Badala yake Fundi alichuchumaa kando ya gurudumu na kuitazama mikono yake.

"Labda si bolti," alisema. "Labda kuna kitu kingine nilisahau, kitu nisichokijua. Mkono wa mwisho kugusa breki zile ni wangu, na mtu amekufa. Andika tu, afande. Andika ni mimi, nipumzike."

"Siandiki kitu ambacho sijakiona," Inspekta alijibu, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia. Alimhurumia, na huruma ilimfanya awe mkali siku zote.

Alitoa karatasi mbili jaladani. Mjane alikuwa amekubali simu yake ichunguzwe, na Mlingoti alikuwa amechapa kila alichoandika kwenye kundi la mtandaoni la watu wenye magari ya aina hii, watu wa mbali wasiojuana, ambao kazi yao ilikuwa kuulizana na kujibizana kutwa. Mjane aliuliza maswali kumi na moja kwa miezi saba. Inspekta alikuwa ameyasoma kitandani, ofisini, na mara moja akiwa anapiga mswaki.

"'Mbona taa ya ndani haiwaki nikifungua mlango wa dereva?'" alisoma.

"Swichi iko ndani ya kitasa," alisema Fundi. "Ikifa, gari haijui kama mlango uko wazi. Yake imekufa siku nyingi."

"'Kengele ya mkanda inanyamazishwaje kwa safari fupi sana?'"

"Watu hufunga mkanda mtupu, wanauweka nyuma ya mgongo na kuukalia. Kengele inanyamaza."

Inspekta alisogea kwenye dirisha la dereva. Kitini hapakuwa na mtu, lakini mkanda ulikuwa umefungwa, umelala kwenye ngozi ya kiti. Katika picha zilizopigwa getini Jumanne ulikuwa hivyohivyo. Gari lilibebwa juu ya lori mpaka kituoni, na tangu hapo hakuna aliyekalia kiti kile; hata mkaguzi alichomeka kompyuta yake akiwa amesimama mlangoni.

Fundi naye alikuwa ameuona. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akafumba macho. Uani palikuwa kimya, na ukungu ulikuwa unadondosha matone kutoka kwenye paa za magari. Mlingoti alitaka kusema kitu, Inspekta akamzuia kwa kidole.

"Afande," Fundi alisema polepole, "gari hii ukisimama inazima injini yenyewe, kubana mafuta. Inanyamaza kabisa, utadhani umezima wewe. Na breki inakushikia, hata ukitoa mguu. Sasa ukishuka, ikaona mkanda umefunguliwa au mlango umefunguliwa, inajua hakuna mtu. Inajifunga. Haiendi popote."

"Na kama mkanda umefungwa, na gari halioni mlango?"

"Inadhani uko ndani. Inakusubiri." Alifumbua macho. "Na betri iliyochoka haisubiri sana. Ikianza kushuka, injini inaamka yenyewe ijichaji. Ikiamka, inaachia breki, na gia bado ni ya kwenda mbele."

Walirudisha magurudumu, kisha wakapanga matairi makuukuu manne upande wa pili wa uwanja, yakawa ndiyo geti. Mlingoti aliingia kwenye kiti, akaukalia mkanda, akawasha, akasogea kidogo na kukanyaga breki. Injini ikakata. Hakuna aliyeweza kusema ni wakati gani hasa ilikoma. Ilififia tu, na ukimya ukabaki. Mlingoti akafungua mlango, akashuka, akaja kusimama nao. Inspekta aliangalia mshale wa saa yake.

Sekunde kumi. Ishirini. Gari lilikaa kwenye ukungu, mlango wazi, jeupe ndani ya weupe. Kwa muda Inspekta alihisi yuko mbali, ndani ya usingizi mzuri wa asubuhi ambao mtu hataki kuamshwa. Sekunde thelathini na nane zilipofika, injini ikaguna kidogo, na gari likaanza kwenda.

Lilikwenda taratibu sana. Halikuwa na hasira wala haraka. Liliteleza kuvuka uwanja, likayafikia matairi, likayabana ukutani, na likaendelea kusukuma kwa upole huohuo bila kujua kwamba limefika. Inspekta na Mlingoti walipigwa na butwaa. Aliyechomoka ni Fundi, na pingu zake, akaingia kichwa na mabega kwenye mlango ulio wazi na kubonyeza kitufe cha kuzima.

Walirudia, safari hii mkanda ukiwa umefunguliwa. Gari lililia mara moja, likajifunga, na halikusogea hata walipolingoja dakika tano.

"Basi ni ajali," Fundi alisema. "Mama alidhani amezima, kumbe ilijizima yenyewe. Ni ajali, afande."

Mlingoti alitabasamu, akaingia kulirudisha gari mahali pake, na alipomaliza akashuka, mguu mmoja, kisha wa pili, mrefu na mnyoofu. Inspekta alimtazama akishuka.

"Konstebo. Ulisogeza kiti?"

"Hapana, afande. Nimekikuta hivi. Hata mimi nilishangaa, maana gari dogo kama hili kwa kawaida magoti yangu hugonga usukani."

Inspekta aliangalia kiti. Kilikuwa nyuma kabisa, mpaka mwisho wa reli zake. Jumanne mchana mjane alikuwa amekaa kwenye kiti cha kawaida ofisini kwake, akatoa maelezo yake yote miguu ikining'inia, haigusi sakafu. Mtu wa kimo kile asingeifikia breki hata kwa ncha ya kidole.

Alirudi kwenye karatasi. Swali la tisa: gari linaweza kukumbuka mkao wa kiti wa watu wawili? Mtu mmoja alijibu kwamba linaweza, kitufe namba moja kwa huyu na namba mbili kwa yule. Na chini ya lile swali la kengele ya mkanda, mwingine alikuwa ameuliza kwa utani: safari fupi kiasi gani, dada? Mjane alijibu kwa maneno mawili, na Inspekta alikuwa ameyapita mara tatu bila kuyaona.

Hatua thelathini.

"Mrudishe ndani," alimwambia Mlingoti. "Mpe chai. Jalada lisiondoke mpaka nipige simu."

Ilikuwa saa nne na nusu.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa mwisho wa barabara yenye mteremko mdogo. Geti lake lilikuwa limepinda katikati na lilikuwa jeupe kuliko mageti yote ya mtaa, jeupe mpaka linaumiza jicho. Ukungu ulikuwa umeanza kuwa mwepesi huku. Inspekta hakubisha hodi. Alikwenda kwenye banda la gari, akasimama lilipokuwa likiegeshwa, kisha akaanza kutembea kuelekea getini, taratibu, akihesabu kwa midomo.

"Ni thelathini, mwanangu," sauti ilisema nyuma yake. "Kwa miguu yangu. Yeye alizimaliza kwa ishirini na mbili."

Mjane alikuwa amesimama kizingitini, mdogo, kitambaa cheusi kichwani, taulo mkononi. Kwenye kamba nyuma yake taulo nyingine tatu zilikuwa zinaning'inia, zile alizokuwa akizitandika kwenye zulia la gari.

"Mama," Inspekta alisema, "kiti cha dereva kiko nyuma kabisa."

Mjane aliikunja taulo mara mbili, akaikunja tena. Akakaa kwenye ngazi, na Inspekta akakaa kando yake.

"Dada yake ndiye aliyempiga marufuku," alianza. "Wifi yangu. Daktari aliposema macho yamekwisha, alikuja hapa akachukua leseni ya kaka yake na kwenda nayo. Sikumlaumu, alikuwa na haki. Lakini yeye hakukaa naye humu ndani. Mwanamume aliyeendesha maisha yake yote, sasa anashikwa mkono kwenda bafuni. Alikuwa ananyamaza, mwanangu. Siku nzima. Nikamwambia siku moja: litoe bandani, ulifikishe getini, hapo mimi nitashika."

"Alikuwa anaona kiasi gani?"

"Geti tu. Ndiyo sababu tulilipaka rangi nyeupe."

Inspekta alilitazama geti lile lililopinda.

"Kila asubuhi, miezi mitano. Kengele ya mkanda ilimuudhi. Alisema yeye ndiye hupigia watu kelele za mkanda, hapigiwi. Nikauliza kwenye simu, wakanifundisha. Hakuwa mzembe, usimwandike mzembe. Zilikuwa hatua thelathini."

"Na Jumanne?"

"Alifika getini vizuri. Mimi nikakumbuka mkoba, nikashuka. Geti huwa nafungua mimi, yeye hukaa kwenye kiti chake mpaka nimwambie tayari." Alishusha pumzi. "Nadhani alitaka nikirudi nikute liko wazi."

Taulo zilikuwa zinadondosha maji kwenye sakafu. Inspekta alitazama saa kwa siri, kisha akaona haya, akaitazama waziwazi. Ilikuwa saa tano na dakika tano.

"Kwa nini ulisema ulikuwa unaendesha wewe?"

"Hospitali wifi yangu hakulia kwanza. Aliniuliza: nani amempa ufunguo? Nikasema hakuna, nilikuwa naendesha mimi. Ulimi uliteleza ukaenda, na mimi nikaufuata. Halafu askari akaniuliza gari lilitengenezwa lini. Nikasema jana. Sikumtaja yule kijana kwa ubaya, naapa. Niliulizwa, nikajibu. Lakini walipokwenda kumchukua nilisikia, na nikanyamaza. Siku ya kwanza nilisema watamwachia. Ya pili nikasema watamwachia tu, hana kosa. Jana sikusema kitu."

"Saa sita anapelekwa mahabusu, mama."

Mjane alishtuka. "Leo?"

"Leo. Nahitaji maelezo mapya. Yatasomwa kwenye uchunguzi wa kifo, mbele ya watu, na dada yake atakuwepo. Na kwa yale ya uongo utajibu mwenyewe. Sikufichi."

Mwanamke yule mzee alikaa kimya kwa muda mrefu. Inspekta alimwogopea, na alimwogopea Fundi zaidi, na hakufanya lolote kuuharakisha ukimya ule kwa sababu haki ya kuuvunja haikuwa yake. Hatimaye mjane aliiweka taulo chini.

"Andika," alisema.

Inspekta aliandika magotini, kwa mwandiko wa haraka. Sheria inataka mtu asomewe maelezo yake kabla ya kutia sahihi, basi akamsomea yote tangu mwanzo. Alipofika kwenye ufunguo alisoma: "'Mume wangu alinisihi sana, akanilazimisha, ndipo nikampa.'"

"Sikusema hivyo."

"Mama, ni maneno mawili tu. Yanaweza kukusaidia mbele ya wifi yako."

"Yakate." Mjane alinyoosha kidole kwenye mstari, kidole chembamba kisichotetemeka. "Hakunisihi, wala hakunilazimisha. Nilimpa mwenyewe. Andika nilikuwa napenda kumwona akiendesha."

Inspekta alikata mstari, akaandika alivyoambiwa, akamwomba aweke sahihi ndogo kando ya masahihisho, kisha sahihi kubwa chini. Akapiga simu kituoni. Mlingoti alipokea kabla hata haijaita mara ya pili.

"Mfungulie," alisema.

Mjane alikuwa amekwisha vaa viatu. "Nipeleke," alisema. "Nataka anisikie mimi, si wewe."

Walimkuta Fundi kwenye ngazi za kituo, anarudisha kamba kwenye viatu vyake, tundu moja baada ya jingine. Ukungu ulikuwa umeondoka na jua lilikuwa linampiga usoni. Mjane alisimama mbele yake akamwambia yote bila kukaa na bila kupunguza: kiti, mkanda, ufunguo, siku nne za kunyamaza. Inspekta alisimama pembeni. Fundi alisikiliza kichwa kikiwa upande, mikono imeacha kamba katikati.

"Siwezi kukwambia yameisha, mama," alisema mwishowe. "Siwezi leo."

"Sikuja kuomba hilo."

"Kila nikilala nilikuwa naifungua ile breki upya kichwani. Bolti moja moja. Pedi, klipu, kila kitu. Nikimaliza naanza tena, natafuta niliyoisahau. Nilishaanza kuiona." Alimtazama mjane machoni. "Kwa hiyo hakuna?"

"Hakuna, mwanangu."

"Hata moja?"

"Hata moja. Breki zako zilimshikia mpaka mwisho. Ni sisi tuliolidanganya gari."

Fundi Sikio aliziachia kamba za viatu, akajifunika uso kwa mikono yake miwili, akalia kwa sauti pale ngazini, mchana kweupe, watu wakipita.